Dobi wa hospitali anayeandaa kombe ambalo kiingilio chake ni damu

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine ya pili kati ya tatu inaanza kutikisika. Mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mpira na aproni ya plastiki anaiegemea kwa viganja viwili mpaka inatulia. Kisha anarudi kwenye lundo la mashuka na kuendelea kuyachambua: ya wodi ya wazazi huku, ya upasuaji kule, yenye damu pembeni, yaingie kwanza kwenye maji baridi.

"Damu haitaki maji ya moto," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiichemsha inaganda kitambaani, haitoki tena."

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa katika chumba hiki. Wauguzi humwita Mama Shuka. Nje ya geti anajulikana kwa jambo jingine: ndiye mwandaaji wa mashindano ya mpira wa pete ambayo timu haitozwi hata senti. Kila timu inaingia kwa ahadi ya mifuko saba ya damu, itoke kwa wachezaji au kwa ndugu zao.

Mashindano hayo, yaliyotimiza mwaka wa tano, ni kumbukumbu ya mdogo wake, mwalimu wa chekechea na mfungaji wa timu ya walimu. Kwa urefu wake walimwita Mlingoti. Alianza kupata michubuko miguuni, akadhani ni ya uwanjani. Ilikuwa saratani ya damu.

Alilazwa wiki tisa, ghorofa mbili juu ya chumba cha kufulia. Kila asubuhi dada mtu alipanda kumwona, kisha akashuka kufua mashuka yake pamoja na ya wengine.

"Alikuwa ananitania. Ananiambia, dada, leo nimekuchafulia moja tu, nenda kapumzike."

Wiki ya mwisho aliandikiwa kuongezwa mifuko minne ya damu. Ikapatikana miwili. Kaka yao alizunguka siku mbili kwa ndugu na majirani. Waliitikia wengi, wakafika watatu, akafaa mmoja, na damu yake ilikuwa bado inapimwa.

Alhamisi ya wiki hiyo kazi ilikuwa nyingi, Mama Shuka hakupanda. Ndani ya mfuko wa nguo chafu alikuta foronya ya buluu aliyomshonea mdogo wake.

"Foronya ile haikuwa inashushwa na mtu. Nilikuwa naichukua mwenyewe, naifulia nyumbani. Nilipoiona mle nikajua kitanda kimeshatandikiwa mwingine."

Aliifua, akaianika. Ndipo akapanda ngazi.

Hakuna daktari aliyemwambia kwamba mifuko ile ingemponya mdogo wake, naye hadai hivyo. "Ugonjwa ulikuwa mkubwa. Ila alikufa akiwa anasubiri. Hilo ndilo linaloniuma."

Miezi saba baadaye aliwaendea walimu waliocheza na Mlingoti, akawaeleza nia yake. Kaka yao, fundi wa kuchomelea vyuma, hakupenda.

"Nilimwambia msiba haupigiwi filimbi," anakumbuka kaka huyo. "Tulinuniana karibu mwaka mzima."

Mashindano ya kwanza yalikuwa na timu nne, na nusura yavunjike. Wachezaji walitoa damu asubuhi, saa nne wakaingia uwanjani. Kabla ya mapumziko, wachezaji wawili wa ulinzi walikuwa wamelala chini wanapepewa. Afisa wa kitengo cha damu alikuja juu.

"Nilimuuliza, mama, umetuletea watoaji damu au wagonjwa?" anasema afisa huyo, ambaye sasa analicheka jambo hilo.

Tangu hapo ratiba ni Jumamosi mpira, Jumapili damu. Na kwa kuwa anawajua binadamu, Mama Shuka hakabidhi kombe Jumamosi. Bingwa analipokea kesho yake, mlangoni pa chumba cha kutolea damu. Ambaye afya haimruhusu haulizwi kitu mbele za watu.

Yeye mwenyewe hajawahi kutoa hata tone. Uzito unaotakiwa ni kuanzia kilo hamsini. Yeye ana arobaini na saba.

"Mume wangu ananiambia nitie mawe mfukoni," anasema. "Nimekula mpaka nimechoka, siongezeki. Basi kazi yangu ni kuwabembeleza wenye nyama."

Mwaka wa kwanza ilipatikana mifuko ishirini na mitatu. Mwaka wa tatu kaka yao alitokea uwanjani, akasimama nyuma ya watu, akaondoka bila kuaga.

"Jumapili nikamkuta kwenye foleni, amekunja mkono wa shati," anasema Mama Shuka. Siku hizi kaka huyo ndiye anayechomelea pete za magoli.

Mwaka huu zilikuja timu kumi na mbili, na mifuko tisini na saba. Lakini damu haiwekeki ghalani kama mahindi; kwenye jokofu hudumu takriban wiki tano, na uhaba hurudi palepale. Kwa hiyo Mama Shuka, anayestaafu baada ya miaka miwili, anazunguka kwa manahodha na pendekezo jipya: kila timu ichukue mwezi wake wa kutoa damu. Saba zimekubali.

"Sitafuti uwanja mkubwa wala kombe la dhahabu," anasema, akifungua mlango wa mashine na kuanza kuvuta mashuka yaliyolowa. "Nataka mgonjwa akiandikiwa damu asubuhi, mchana awe ameshaipata. Na ndugu zake wakae naye pale kitandani, wasiwe barabarani wanabisha hodi."