Mwanya wa Kabula Hauguswi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya meno, hospitali moja hapa Tabora, Fundi Mkuu alinipa bakuli la mpira lenye unga na maji, akasema, "Koroga." Nikakoroga taratibu kama napika uji wa mgonjwa. Ukaganda kabla sijauliza unakwenda wapi.

"Huo, kijana," akasema, "ulikuwa uende kinywani mwa mtu."

Ndivyo nilivyoingia ufundi sanifu wa meno. Enzi zetu kunyoosha meno kulianza na uji ule. Mgonjwa anaung'ata, anataka kutapika, machozi yanamtoka, nasi tunapata alama ya meno yake. Ndani ya alama tunamimina plasta, ikikauka una meno yake mezani. Juu ya hayo nilikunja waya kwa koleo, nikaunda kibao cha plastiki cha kusukuma meno kidogo kidogo. Kesi ngumu tulizipeleka Dar kwa treni, meno ya plasta yamezungushiwa pamba ndani ya kopo la maziwa. Yakifika yamevunjika, mgonjwa anaitwa upya, uji tena! Wengine hawakurudi, na siwalaumu.

Nilihamishiwa Urambo, kisha Igunga. Huko Daktari wa Meno wa Wilaya, mtu makini kwelikweli, alimnyoosha meno binti mmoja wa Ziba, yakakaa safu moja, tukajipongeza. Mama yake akamchungulia mdomoni, akashika kiuno.

"Na mwanya uko wapi?"

"Tumeuziba, mama. Meno yamekaa sawa sasa."

"Nani aliwatuma? Nimewaletea meno yaliyopandana, ninyi mmemwibia na uzuri wake!"

Kwetu mwanya wa mbele ni pambo, watu wanautamani. Lakini kwa plasta hungeweza kumwonyesha mtu atakavyokuwa. Wote tuliyaona matokeo yakiwa yameshatokea.

Sasa njooni niwaambie ya juzi! Nakaa Itetemia na mjukuu wangu, Nyamizi. Meno yake ya chini yamepandana mpaka yanamkata ulimi. Juu ana mwanya wa marehemu mama yake, binti yangu Kabula, aliyefariki Nyamizi akiwa bado anabebwa mgongoni. Usoni hana kingine cha mama yake, pua na macho ni vya ukoo wa baba. Ndiyo maana alikuwa amekataa matibabu katakata.

"Babu, bora niumie ulimi. Wataufunga mwanya."

"Twende tukaone tu, mchumba wangu. Kuona hakuumi."

Kliniki ni mpya, iko mjini. Daktari, binti mdogo, aliniamkia shikamoo, na marahaba yangu haijaisha ameshaingiza kijiti chenye taa kinywani mwa Nyamizi. Hakuna uji! Kijiti kinapita, na kwenye kompyuta meno yanajijenga, jino baada ya jino. Nilisimama. Loo! Na mimi nilivyofua makoti yaliyogandwa na plasta maisha yangu yote!

Akaeleza kwamba vitatengenezwa vifuniko vya plastiki angavu, kila kimoja kinasogeza meno kidogo, na wakati wa kula unavivua. Kisha akabonyeza, tukayaona meno yakitembea hadi mwisho wa matibabu. Ya chini yakapangika vizuri. Ya juu yakasogeleana, mwanya ukafungika.

Nyamizi akafunika mdomo kwa kiganja, akaanza kuinuka.

"Simamisha hapo!" nikapiga kelele, mpaka watu wa mapokezi wakachungulia. "Huo mwanya hauguswi!"

"Haujaguswa, babu," daktari akacheka. "Huu ni mpango wa mashine tu, imezoea kufunga kila pengo. Nyamizi, njoo uniambie niuache vipi."

Akampa mwenyewe kipanya cha kompyuta. Nyamizi akaupanua mwanya, akaupunguza kidogo, akanigeukia.

"Babu, wa mama ulikuwa hivi?"

Nimestaafu, vijana wangu, na sina wivu hata chembe. Nafurahi mno! Mgonjwa sasa anaiona sura yake kabla jino halijasogea, na akisema hapana, anasikilizwa. Laiti yule mama wa Ziba angekuwapo.

Nilimwitikia Nyamizi kwa kichwa, ndivyo ulivyokuwa. Daktari akanyoosha mkono kuzima kompyuta.

"Subiri kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Niache nimtazame Kabula."