Kidole Gumba Kwenye Hendeli

Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye plasta, baada ya bodaboda kunitupa kwenye mteremko wa Ronge, na nilikuwa na hasira na dunia nzima. Kisiagi chetu cha unga kilikuwa kimekaa kimya siku nne. Akina mama walikuwa wamepanga madebe ya mahindi mlangoni, na kila aliyechoka kungoja alibeba lake akateremka kusaga Mwatate. Nyumba yetu hailishwi na kitu kingine.

"Nitaiwasha mimi," mke wangu akasema. Akaizunguka injini, akainama. "Plagi iko wapi?"

"Haina plagi! Hii ni dizeli, si pikipiki. Petroli huwashwa na cheche. Hii inabana hewa mpaka hewa yenyewe inapata moto, dizeli ikiingia tu, inalipuka."

"Ala! Kumbe ni kama wewe," akasema, na wale akina mama wakacheka.

Mimi sikucheka. Nikamweleza: yeye azungushe hendeli kwa nguvu, mimi niinue kijiti cha juu kwa mkono wa kushoto, hewa itoke, injini iwe nyepesi. Gurudumu la injini likishika kasi nakiangusha, hewa inabanwa, inawaka. Pikipiki ukiipiga kiki kivivu, mara nyingi haiwaki tu, basi. Dizeli ukiiendea kivivu inakurudishia hendeli.

Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, moshi mweupe. Asubuhi huku juu kuna baridi, na chuma baridi huumeza ule moto kabla haujatosha. Jasho lilimtoka, nguvu zikimwishia, na mama mmoja akainama kuchukua debe lake. Nikapandwa na mori. "Kaza, mama watoto! Kaza!" Nikakiangusha kijiti kabla gurudumu halijashika kasi.

Injini ikapiga mara moja, ikarudi nyuma pamoja na hendeli. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Haki ya Mungu, niliusikia.

Kuna jambo moja sikumwambia, kwa sababu hata mimi sikuambiwa kwa maneno. Baba alinichapa kofi mkononi tu nilipokosea. Kidole gumba hakizunguki hendeli. Kinakaa upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi, ikuponyoke.

Mlangoni halikubaki debe hata moja. Hospitalini daktari alitazama mkono wa mke wangu, kisha plasta yangu, akatikisa kichwa.

Tukiwa kwenye benchi mke wangu akaniuliza, "Kwani wewe huwa unaishikaje?"

Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto. Akakitazama kidole changu gumba.

"Ungesema," akasema.