Sauti Yangu, Ngoma ya Mama

Karai la nepi lilikuwa mikononi mwangu redio ilipotangaza kwamba mimi ni mama yangu.

Ilikuwa asubuhi, Kawangware, kwenye ploti tunakopanga chumba kimoja, mimi, mume wangu na mtoto wetu ambaye wakati huo hata kukaa alikuwa hajui. Redio ya jirani ilikuwa dirishani kama kawaida yake, imefunguliwa mpaka kuku wanasikiliza. Ghafla nikasikia ngoma ya mama. Hakuna mtu mwingine Nairobi hii anayefungua wimbo namna ile: kwanza polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mkwe, halafu kwa nguvu, kama mtu aliyeambiwa mkwe hayuko. Kisha ikaingia sauti ya kuimba. Ilikuwa yangu! Mimi, redioni! Nilitaka kupiga kigelegele, nikakosa pumzi.

Wimbo ukaisha, mtangazaji akacheka kwa raha. "Naam, wasikilizaji, huyo ndiye mama yetu wa Kibera, mama wa harusi zote. Miaka inapita lakini sauti yake haizeeki! Jumamosi atakuja hapa studio kuurekodi wimbo huu vizuri, utoke kwenye santuri."

Jirani, binti wa mwenye ploti, akatoa kichwa nje. "Mama mtoto! Umemsikia mathe wako? Kwani huyo mama anakula nini? Sauti kama ya msichana!"

"Ni ya msichana," nikamwambia. "Ni yangu."

Akacheka. "Wacha mchezo."

Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimevumilia mengi. Shuleni mwalimu wa kwaya alinisimamisha mbele ya darasa na kusema, haya, tuone kama embe limeanguka karibu na mwembe. Siku ya harusi yangu wageni walikuja kusikia kama bibi harusi ataimbiwa na mama yake mwenyewe, na uso wangu hakuna aliyeuangalia. Mkunga aliyenizalisha alimwinua mtoto na kusema, "Mjukuu wa malkia huyu," mimi nikiwa nimelala pale kama gunia lililomwagwa mahindi. Yote hayo niliyameza. Lakini kuambiwa koo langu si langu? Nililirusha lile karai, maji, sabuni na vyote vilivyokuwemo. Nepi moja ikanasa kwenye eriali ya redio, na idhaa ikaanza kukoroma.

"Haya basi," jirani akasema kwa upole. "Ni yako."

Sasa nieleze yaliyotokea, maana wengi wameyasikia kombo.

Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Kibera. Kwetu harusi haikamiliki bila doluka, ngoma ya wanawake. Wanakaa duara, mwenye ngoma katikati na waitikiaji wakimzunguka, na bibi harusi anachezewa mpaka vumbi linaomba msamaha. Mama yangu ndiye mwenye ngoma. Kuanzia Makina mpaka upande wa Olympic, mtu akitaka kuoza binti hupanga siku baada ya kumuuliza mama kama ana nafasi. Mimi nimekaa nyuma ya bega lake tangu nikiwa mtoto, nikiitikia.

Na kwetu wimbo ni wa aliyeufungua. Yaani yule ambaye ngoma yake imepiga la kwanza, wimbo ule wa siku ile ni wake, hata kama mwingine ndiye atakayeuimba, hata kama maneno yametungwa na mwingine tena. Ukiwauliza wale kina mama, "Wimbo huu ni wa nani?" watakuonyesha ngoma. Hawadanganyi. Ndivyo wanavyojua.

Siku ya harusi ulikotoka wimbo ule wa redio, mama aliamka hana sauti. Alikuwa ameimba siku tatu mfululizo, koo limebaki mkwaruzo. Akafungua kwa ngoma, akageuza shingo, akanitazama. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Nikauchukua wimbo. Maneno nilikuwa nimeyatunga mwenyewe nikifua Kawangware. Ninayageuza hapa kwa Kiswahili:

Bibi harusi, usiogope jiko la wenyewe,
moto ni ule ule, kinachobadilika ni sufuria.

Jamani, ule ua uliruka! Bibi mmoja anayetembelea fimbo aliitupa fimbo. Nilipanda juu kwa sauti, nikapanda tena, nikaona bado kuna nafasi, nikapanda. Mtoto akaamka akalia katikati ya ubeti, nikaimba juu ya kilio chake. Sijawahi kuwa mrefu kama siku ile.

Kijana wa redio alikuwepo na mashine yake, amealikwa na upande wa bwana harusi. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya nyumba kumnyonyesha mtoto. Huko nyuma sikusikia lolote, lakini najua kilichotokea: aliuliza wimbo ni wa nani, na duara zima likaelekeza kidole kwa mama.

Siku ile ile ya karai nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Kibera kwa miguu. Hasira zina miguu mizuri. Mama nilimkuta uani anasuka kawa la kufunikia chakula, na dada yake, mama yangu mdogo, anakunywa kahawa.

"Umekuja mbio," mama akasema. "Mtoto mgonjwa?"

"Mtoto mzima. Mama, Jumamosi unaenda redio?"

"Wameniita."

"Wamemwita aliyeimba."

Akavuta uzi. "Nani alifungua?"

"Wewe."

"Basi."

"Basi nini? Ngoma haina mdomo, mama!"

"Ngoma ndiyo mdomo. Wewe ulikuwa ulimi."

Mama mdogo akacheka kahawa ikamtoka puani. "Ulimi mrefu huo! Tangu azaliwe!"

Nikamwambia mama kwamba maneno ni yangu, sauti ni yangu, hata kilio kilichosikika ni cha mwanangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Mimi nilimwitikia bibi yako mpaka nikaota mvi," akasema. "Nyimbo zangu ziliitwa zake mpaka alipozikwa. Ulinisikia napiga kelele?"

"Hukupiga. Ndiyo maana ninapiga mimi."

"Utangoja zamu, kama nilivyongoja. Jumamosi tutaenda wote. Mimi nitafungua, wewe utakaa nyuma, uimbe pale juu. Ni redio, mwanangu. Hakuna anayeona."

"Pale juu ndipo wimbo wenyewe ulipo. Kama ni wako, uimbe sasa."

Mama mdogo akanikonyeza nikome. Sikukoma. Mama akaweka kawa chini, akajitengeneza gurbaba, nguo yake ya kujitanda, mabegani, akaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda sawa, tena mtamu, sitasema uongo. Alipofika pale pa kupanda, sauti ikapasuka kama kikombe kilichotiwa maji ya moto. Akajaribu tena. Ikapasuka pale pale. Mama mdogo akaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama.

"Koo tu hilo," mama akasema. "Nitakunywa tangawizi."

Nilimhurumia, nami nikazidi kukasirika kwa sababu nilimhurumia. Nikataka kumshika mkono. Akaurudisha kwenye kawa.

"Kama unaona ni wako, nenda ukawaambie," akasema bila kunitazama. "Lakini ngoma yangu huendi nayo."

Nilirudi Kawangware nimenuna. Jirani alikuwa ananingoja mlangoni, na kumbe redio yake imepona. Nilimsimulia yote. Huyu jirani baba yake, mwenye ploti, alikuwa mpiga kodiani mkubwa enzi zake, watu wakicheza mpaka wanavunja visigino vya viatu. Akaniingiza chumbani kwake, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa kodiani. Sikujua anayo. Akapiga kidogo, kwa sauti ya chini, macho mlangoni. Alikuwa hodari! Vidole vilikuwa vinakimbizana.

"Mbona hupigi nje?" nikamuuliza.

"Nilipiga mara moja, kanisani, kwenye harambee. Nilipomaliza mzee mmoja akaniuliza, 'Na baba yuko wapi leo?' Nikairudisha kwenye sanduku." Akaifunga kodiani. "Wewe nenda. Kesho. Ukingoja keshokutwa utaanza kupika, na ukianza kupika hutaenda."

Kesho yake akaja nami mjini. Nilivaa nguo yangu ya Idi. Tulipanda basi tukiwa tumechangamka kama watu wanaokwenda kuiba.

Pale kwenye ofisi za redio karani wa kaunta alikuwa mwanamume mwenye miwani na adabu ya kununua.

"Lalamiko lako ni nini, mama?"

"Mmetangaza wimbo wangu kwa jina la mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Mama yangu."

Akavua miwani. "Unakuja kumshtaki mama yako mzazi? Na mtoto mgongoni?"

"Simshtaki yeye. Nawashtaki nyinyi."

Jirani akadakia, "Na amekula, kwa hivyo hachoki upesi."

Akaitwa yule kijana wa mashine. Akaapa kwamba aliuliza, akajibiwa na wote kwa sauti moja. Nikamwambia kweli uliuliza, lakini uliuliza vibaya. Ukija kwetu usiulize wimbo ni wa nani, uliza aliyeimba ni nani. "Lakini sauti ile," akasema, "ni ya mtu aliyezoea miaka mingi."

Nilipiga kaunta kwa vifundo vya vidole, polepole, halafu kwa nguvu, nikaimba. Pale pale, mbele ya kalenda na picha ya rais. Nilipopanda mara ya kwanza taipureta za ofisi ya pili zilinyamaza. Nilipopanda mara ya pili milango ilifunguka, wasichana wa taipureta wakatoka, mzee wa kufagia akaegemeza fagio na kuanza kupiga makofi. Jirani alikuwa ananiitikia kwa maneno asiyoyajua, na kwa lafudhi ambayo ingewaua kwa kicheko kina mama wa Makina. Nilikuwa na furaha ambayo sina kipimo chake.

Nilipomaliza karani alivaa miwani yake. "Hata hivyo," akasema, "malalamiko huandikwa."

"Lete karatasi."

Niliandika nimesimama, mtoto akinivuta nywele. Niliandika hivi:

Kwa Mkuu wa Vipindi. Kuhusu: wimbo wa harusi uliotangazwa kwa jina la asiyeuimba.

Bwana, mimi ni mkazi wa Kawangware, mzaliwa wa Kibera. Nalalamika rasmi kwamba wimbo mliotangaza asubuhi ya jana mliupa jina la mama yangu, ilhali niliutunga na kuuimba mimi. Mama alifungua kwa ngoma yake, na kwa desturi yetu wimbo uliofunguliwa ni wa mfunguzi. Uani kwetu sina ugomvi na desturi hiyo. Redio si ua wetu. Anayesikiliza akiwa Kisumu haoni ngoma ni ya nani, anasikia koo, na koo ni langu. Kijana wenu na karani wenu wamenisikia leo, waulizeni.

Naomba wimbo urudiwe kwa jina langu nililoandika hapa chini, bila kuongeza binti wa fulani. Naomba Jumamosi niitwe mimi kuimba. Naomba pia mama yangu aitwe kupiga ngoma, na atajwe kwamba ndiye mpigaji, kwa sababu hakuna anayemfikia. Mpelekeeni mwaliko nyinyi wenyewe, kwangu mimi hataupokea.

Akikataa kuja, nitaimba hivyo hivyo.