Baba Yangu Mbele ya Madiwani wa Houston

Baba alikuja kukaa nami Sharpstown, mtaa wa Houston, mama alipofariki. Enzi za mkoloni, kule Mombasa, alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mimi nilikuwa muuguzi. Mchana kutwa alibaki na televisheni asiyoipenda.

Siku moja jirani yetu, mama Mkongomani, aligongwa na gari akivuka barabara kwenda kituo cha basi. Akavunjika mguu. Barabara ilikuwa pana mno, haina taa wala alama za kuvukia. Baba alikwenda kumpa pole, akarudi amekunja uso.

"Mmemwambia nani?"

"Baba, hapa sisi ni wageni."

"Wakoloni nao walikuwa wageni kwetu, na walisema sana."

Akavaa koti na tai, nikampeleka kwenye kikao cha madiwani, ambako mwananchi huruhusiwa kusema. Alianza na barabara, kwa Kiingereza chake cha barazani, mara akaingia kwenye dola kuu za dunia na jinsi zinavyosahau watu wao. Kengele ikalia. Muda umekwisha. Watu wakacheka. Akainamisha kichwa kwa adabu, akaketi.

Garini nilikuwa nimejaa aibu. Yeye wapi!

"Kule barazani Mombasa niliomba mfereji wa maji mtaani kwetu, wakasema fedha hakuna," alinisimulia. "Siku ile ile wakapitisha fedha za vita vya dola yao. Nikauliza: maji hayapo, risasi zatoka wapi? Gavana akaninyamazisha. Kikao kilichofuata nikauliza tena."

"Wakaleta maji?"

"Walileta, kwa kuchelewa. La risasi hawakunijibu mpaka bendera yao ikashuka."

Tuliporudi kwa madiwani, habari za dola kuu aliziacha nyumbani. Alimleta jirani na magongo yake, akauliza swali moja tu: "Huyu mama apite wapi?" Safari hii hakuna aliyecheka. Diwani mmoja akaahidi kutuma wahandisi. Wakaja, wakapima, wakaenda zao. Kimya.

Kisha miguu ya baba ikavimba, akashindwa kusimama.

"Nenda wewe," akasema.

"Sijui kuhutubia, baba."

"Kuuliza hujui?"

Nilikwenda na sare yangu ya hospitali, kutoka kazini moja kwa moja. Nikashika mimbari kwa mikono miwili, nikauliza swali lile lile. Wakatazama karatasi zao, nikauliza mara ya pili. Nikarudi kikao kilichofuata, na kingine, hata karani wa mlangoni akawa ananisalimu kama mwenzake.

Taa ziliwekwa karibu na Ramadhani. Nilimsukuma baba kwenye kiti cha magurudumu akazione. Magari yalisimama, jirani akavuka akichechemea, bila kukimbia. Machozi yalinitoka.

Baba alitazama mpaka taa zikabadilika.

"Zinawahi mno kubadilika," akasema. "Mzee hafiki ng'ambo. Wakumbushe."

Wiki ile ile nikapiga simu, nikaomba nafasi ya kusema.