Siku Niliomba Mpaka Ng'ombe Wakachoka Kungoja

Mimi ni mtu wa kanisa na sitaachana na hiyo, lakini kuna maombi moja niliomba hapa Kitengela, miaka ya elfu mbili hapo mwanzo, na nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu jikoni najificha uso na leso.

Tulikuwa tunafungua kisima cha mtaa. Kiangazi ilikuwa imekazana, wafugaji wameleta ng'ombe kutoka mbali, wamewasimamisha kando wakinusa maji. Chairman akaniambia, "Mama Mwende, tufungulie na maombi. Fupi tu." Nikatoka mbele, na hapo kwa watu nikaona Mwalimu Sankale, yule alinifundisha kusoma jioni kwa gumbaru, darasa la watu wazima (na kitabu nilijifunzia ni Biblia yangu, yeye mwenyewe akinionyesha maneno na kidole), na kila mtu anajua huyo hana dini. Alikuwa amesimama kama wengine, amevua kofia, lakini kichwa hajainamisha, macho wazi. Hivyo ndio alifanyanga kwa kila mkutano na hakuna siku alibishana na mtu. Lakini hiyo siku iliniuma. Nikaamua, leo sisemi amina mpaka huyu mzee ainamishe kichwa.

Nikaombea serikali, mvua, wajane, nikachungulia kidogo (ndio, nilichungulia), bado kichwa iko juu, nikaongeza walimu wote wa nchi hii. Halafu nikasikia viatu zikitembea, kuchungulia tena naona mgongo wake akienda. Nikapandisha sauti.

"Bwana, umejionea. Wasiokujua hawawezi kusimama mbele zako."

Watu wakaitikia amina, wengine wakacheka, na mimi nikaendelea hapo hapo, macho sasa nimefunga kabisa kwa raha ya kushinda.

Kumbe ng'ombe walikuwa wamechoka kungoja. Vijana wa kuchunga walikuwa wamefunga macho kama sisi wote, hakuna mtu aliona ng'ombe wakianza kusonga kwa birika lao la maji, na kwa ukingo wa hilo birika alikuwa ameketi Mwende wangu, mtoto wa miaka mitatu, anachezea maji. Nilipofungua macho, Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya mtoto na zile pembe, fimbo mkononi, anawapigia ng'ombe mluzi polepole, suruali imeraruka gotini na damu inashuka kwa soksi.

Nilikimbia nikamnyakua mtoto. Nikauliza, "Mwalimu, mbona hukupiga nduru?"

"Ningepiga nduru wangeshtuka, wamkanyage. Na tena ulikuwa unaongea na Mungu wako, hiyo siwezi kukatiza." Akainama kufunga goti na kitambaa. "Ingawa hapo mwisho ulikuwa unaongea na mimi."

Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliniua. Mzee mmoja mfugaji akauliza kama tumemaliza, wanyama wanywe.

Sijaacha kumuombea Mwalimu, lakini namuombea nyumbani, mlango nimefunga, si mbele ya watu, na Mungu anasikia vilevile. Mkutano uliofuata waliniita mbele tena. Yeye alikuwa amekaa karibu, akaniuliza chini chini, "Mama Mwende, leo ni maombi ama ni mimi?"

Nikamwambia, "Ni maombi, Mwalimu."

Akasimama, akavua kofia.