Karameli ya Tui

Katika miaka yote niliyofundisha kemia, somo la kwanza la kila darasa lilikuwa moja. Niliwaamuru wanafunzi wapige mstari katikati ya ukurasa. Kushoto waandike walichokiona kwa macho yao. Kulia waandike walichoambiwa, walichosoma au walichokidhania. Aliyechanganya pande hizo nilimrudishia daftari bila kulisahihisha. Nitafuata kanuni hiyo hapa, maana habari za kifo cha mke wangu zimekwisha kusimuliwa mtaa wetu wa Ipuli mzima na watu ambao hawakuwapo.

Niliyoyaona ni ugonjwa wake, sufuria yangu, bakuli lake na msiba. Nililolisikia ni kwamba mimi ndiye niliyemlisha maziwa. Katikati kuna kizibo cha kibuyu, ambacho hadi leo sijui nikiweke upande gani.

Mke wangu alizaliwa Nzega, katika nyumba ya wafugaji. Aliniambia kuwa masista walimfundisha upishi alipokuwa msichana, na kwamba katika yote aliyojifunza kwao alipenda karameli kuliko kitu kingine: sukari inayeyushwa kavukavu mpaka ipate rangi ya asali, kisha inazimwa kwa maziwa na samli hadi iwe mchuzi mzito. Hayo ya masista ni ya upande wa kulia. La upande wa kushoto ni kwamba kila Jumapili baada ya misa, kwa muda wote wa ndoa yetu, aliipika na kuimwagia juu ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, kisha vikarudishwa jikoni kulainishwa. Samli ilitoka kwao. Ilikaa katika kibuyu kilichotundikwa msumarini ndani ya stoo, kimezibwa kwa gunzi la mahindi.

Alipougua tumbo, daktari alitupa masharti mawili. La kwanza, asiguse maziwa wala chochote kitokanacho na maziwa: mtindi, siagi, samli. La pili lilikuwa zito zaidi. Alihitaji kupasuliwa, lakini alikuwa amekonda mno kuweza kuhimili kisu. Akila na kupata nguvu, angepasuliwa. Asipokula, hakuna daktari ambaye angethubutu. Tangu siku ile kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfanya ale.

Alikataa uji. Alikataa mchuzi wa kuku, akakataa ndizi. Nilipomuuliza kwa mara ya ngapi sijui alichokitaka, alijibu kwamba anataka karameli. Nilimweleza kwa urefu kwa nini haiwezekani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza maisha yake yote, kisha akageukia ukuta.

"Basi, Mwalimu, usiniulize tena ninataka kula nini."

Nilikaa barazani nikafikiri kama mtu wa maabara. Maziwa hufanya nini ndani ya sukari iliyoyeyuka? Huleta maji na mafuta. Tui la nazi lina maji na mafuta. Kwa hiyo nilikwenda sokoni kwa mtani wangu.

Mtani huyo ni mama wa Kizaramo aliyeuza nazi mjini hapa kwa muda mrefu kiasi kwamba lafudhi yake ya pwani imeanza kuchakaa. Nazi zake huja kwa treni, na reli yenyewe inafuata takribani njia ya misafara ya zamani. Watu husema kwamba ni katika njia hiyo ndipo Wanyamwezi na Wazaramo walipoanza kutaniana. Sikuwapo.

"Shikamoo, mtani, ingawa hustahili," alinipokea. "Leo umekuja kubeba mzigo gani? Babu zako walibeba nazi zetu toka pwani mpaka huku, hawajui hata zinapasuliwa wapi."

Nilimjibu kwamba babu zangu walibeba pembe za ndovu, na kwamba hakuna mwenye akili angebeba nazi kwa mwendo wa miezi.

"Uliwaona?"

Nilikiri kwamba sikuwaona. Alicheka hadi wauza vitunguu wakageuka. Nilipomwambia nazi ni za nini, aliacha kucheka, akazigonga moja moja na kuzitikisa sikioni, akanichagulia tatu.

Jaribio la kwanza liliniaibisha. Niliikuna nazi, nikakamua tui, na sukari ilipofikia rangi ya asali ya miombo nikalimwaga lote kwa mkupuo, la baridi. Sufuria ilipiga kelele. Mvuke ulipopungua, sukari ilikuwa imeganda ikaushikilia mwiko kama saruji. Mwalimu wa kemia nilipaswa kulijua hilo. Mke wangu, aliyekuwa bado anaweza kutembea kwa kushika ukuta, alikuja mlangoni kutazama.

"Mwalimu amepika mawe," alisema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa majuma.

Jaribio la pili niliinama kupepea mkaa, na nilipoinua macho sukari ilikuwa nyeusi na chungu kama dawa. Siku ya tatu mtani alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda jikoni kwetu, akakunja mikono na kukataa katakata kugusa chochote. Alisema mgonjwa amemtaka mumewe, hakumtaka Mzaramo. Lakini mdomo wake haukutulia. Nitumie tui la kwanza tu, lile zito, wala nisiongeze maji. Nilipashe moto pembeni. Sukari nisiikoroge, niinamishe sufuria iyeyuke yenyewe. Niiepue kabla haijafikia rangi ninayoitaka, maana hata ikiwa nje ya moto huendelea kuiva. Tui niliingize kidogo kidogo huku nakoroga, kisha nirudishe yote kwenye moto mdogo hadi mchuzi ung'ang'anie mgongo wa mwiko. Mwishoni chumvi, ile inayookoteka kwa ncha za vidole viwili.

Ilifaulu. Ilikuwa nzito, ya kahawia, inayong'aa. Niliimwaga juu ya matobolwa na kumpelekea kitandani. Alionja, akaiweka ulimini kwa muda mrefu.

"Ni tamu," alisema. "Lakini si karameli. Karameli bila maziwa ni msiba bila watani."

Mtani alicheka kuliko sote. Mke wangu alikula vijiko vitatu.

Kuanzia hapo niliipika kila alasiri. Niliionja kila siku kabla ya kumpa, kwa kuwa sikuamini kitu nisichokionja. Lakini vijiko vitatu vikawa viwili, na viwili vikawa kimoja. Alikuwa ananistahi tu, nililitambua hilo. Daktari alimpima tena na kutikisa kichwa.

Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, kutoka Nzega. Alikuja na samli mpya, kama alivyofanya kila safari, akaijaza katika kibuyu kilekile. Nilimkumbusha agizo la daktari. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto, kwamba daktari alikataza maziwa, na samli si maziwa. Samli ni dawa. Mwanamke wa kwao akijifungua hupewa samli. Mzee akikohoa hupewa samli. Mtoto akidhoofika hupakwa samli. Nilimweleza samli hutoka wapi. Alisema hata yeye amekamua ng'ombe, anajua inakotoka. Hatukugombana. Nilitaka kukiondoa kibuyu stoo nikakifungie kabatini, kisha nikaona itakuwa kumtukana mgeni. Nilikiacha msumarini. Kosa hilo ni la upande wa kushoto, na ni langu.

Siku iliyofuata nilipika kama kawaida. Mchuzi ulipokuwa tayari niliuepua, nikausogeza pembeni ya jiko upoe. Hapo mtu wa jumuiya yetu ya kanisani akabisha hodi barazani, akitaka kujua hali ya mgonjwa. Tulizungumza muda wa kutosha mtu kunywa kikombe cha chai. Niliporudi, sufuria ilikuwa palepale. Shemeji alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, anahema kidogo, na kanga yake imeanguka begani. Nilimwagia mchuzi juu ya matobolwa nikampelekea.

Sikuonja. Nilitaka kuonja, lakini alinyoosha mikono yote miwili akalichukua bakuli kabla sijakigusa kijiko. Alikula lote.

"Leo umeipata, Mwalimu."

Nakiri kwamba nilijivuna. Niliamini kwamba nimeshika moto sawasawa, kwamba mkono wangu umezoea. Jioni nilipoingia stoo kuchukua chumvi, niliona gunzi la kibuyu liko rafuni, pembeni ya msumari. Nililirudisha mahali pake. Sikufikiri lolote.

Asubuhi maumivu yalianza. Tulimpeleka hospitali, na siku ya nne, adhuhuri, alifariki dunia bila kupasuliwa. Nilimuuliza daktari kama samli kidogo ingeweza kufanya hivyo. Alisema ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika mbali. Nilirudia swali langu.

"Sidhani, mzee," alijibu.

Sidhani ni neno la upande wa kulia.

Msibani, kabla hatujazika, nilikwisha kusikia minong'ono. Shemeji alikuwa akiwaambia wanawake kwamba mimi nilikuwa nampikia dada yake kila siku, na mimi peke yangu ndiye ninayejua nilitia nini. Alisema ukweli. Wanawake waliongezea yaliyobaki.

Watani walifika kama desturi ilivyo. Mzaramo wangu alivaa kanga ya marehemu, akabandika miwani yangu puani, akachukua sufuria na mwiko kutoka jikoni kwangu, akasimama katikati ya uwanja. Aliinama kama ninavyoinama. Alikoroga, akanusa, akatazama sukari yake ya hewani kwa ukali, akaikemea kama mwanafunzi aliyechanganya pande za daftari. Waombolezaji walicheka na kulia kwa pamoja, na nilihisi kifua changu kikilegea kwa mara ya kwanza. Ndiyo kazi ya mtani.

Lakini mtani ana kazi ya pili: husema hadharani yanayosemwa kwa siri, ili yatoke au yazikwe. Alivua miwani akanielekezea mwiko.

"Wanasema huyu Mnyamwezi kamuua mkewe kwa maziwa. Haya, mtani. Ulitia maziwa, hukutia?"

Waombolezaji wakanigeukia. Nilielewa kwamba alinifungulia mlango. Nilitakiwa kusema neno moja tu, naye angelipigia vigelegele, jambo likaishia hapo, kwa maana kilichojibiwa mbele ya watani hakirudiwi na mtu mwenye heshima.

Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Hata hivyo shemeji alikuwa ameketi mbele yangu, macho yamemvimba, na akilini nililiona tena gunzi la mahindi likiwa rafuni. Nikisema sikutia, swali lifuatalo ni nani aliyetia, kwa kuwa wengi walikwisha kusikia jinsi marehemu alivyolisafisha bakuli siku ile. Jibu lingemwangukia mgeni aliyekuja kuuguza dada yake, au lingemwangukia yule aliyekuwa ndani ya jeneza, ambaye siku ile alikuwa bado anaweza kutembea kwa kushika ukuta. Sikumwona yeyote kati yao akigusa kibuyu. Wala sijui kama ndani ya bakuli mlikuwa na samli, kwa sababu sikuonja.

"Nilipika kwa tui la nazi ulizoniuzia," nilisema. "Zaidi ya hapo sijui."

Mtani alisubiri. Alitikisa mwiko mara moja, kana kwamba ananiomba niongeze. Sikuongeza. Akashusha mkono, na hakukuwa na vigelegele. Tulikwenda makaburini kimya, jambo ambalo halifai kwa msiba wenye watani.

Siku hizi watu wa jumuiya hunisalimu kwa ufupi. Shikamoo zao zipo, marahaba yangu ipo, lakini hawaketi. Shemeji alirudi Nzega na hajaja tena. Kibuyu nacho alikichukua.

Mtani alikuja mara moja baada ya matanga, ana nazi mbili katika mfuko. Hakutania. Aliketi kwenye kigoda kilekile.

"Wewe hukutia," alisema.

"Mimi sikutia."

"Kwa nini hukusema hivyo mbele za watu?"

Nilimuuliza kama angenyamaza baada ya jibu hilo, au angeuliza la pili. Alifikiri. Alisema yeye angenyamaza, ila wale wanawake wasingenyamaza. Kisha akaziacha nazi mlangoni na kuondoka. Sikuzipasua.

Nimeipima habari hii mara nyingi. Sijui kibuyu kilifunguliwa na nani. Sijui kama kilifunguliwa nilipokuwa barazani na mgeni au tangu siku iliyotangulia, pale kilipojazwa. Sijui kama aliponiambia nimeipata alikuwa ananisifu au ananifariji, au kama alikuwa anajua jambo ambalo mimi sikulijua. Ninachokijua ni kwamba baada ya maneno yale alipitisha kidole kuzunguka kuta za bakuli, akakilamba, akanikabidhi. Lilikuwa tupu. Nililipeleka bombani nikaliosha mwenyewe, kwa sabuni, likatakata.