Siku Muthoni Alipoulizwa Maji Yako Wapi

Siku hiyo tulikuwa wanne: mimi Wanjiru, kifungua mimba; Muthoni mdogo wangu, mwenye mtihani; ndugu yetu Kamau; na Anti Nyokabi, dada wa marehemu mama.

Sisi ndugu watatu tulitoka nyumbani Mutuini, pembezoni mwa jiji, asubuhi. Muthoni alikuwa ameandika tasnifu ya uzamivu ya hesabu kuhusu kujua kilicho chini ya ardhi bila kuchimba. Unapitisha umeme kidogo kwenye vyuma vilivyopigiliwa juu, unapima, halafu hesabu inakurudisha kwenye maji yaliyoufanya umeme upite vile. Vyuma tulivipigilia shambani kwetu. Kamau alishika nyundo, mimi nikasoma mita. Sasa angehojiwa na maprofesa chuoni. Akianguka, kazi ya uhadhiri aliyoahidiwa ingepewa mwingine. Baada ya wazazi kufariki niliacha shule darasa la saba ili wadogo zangu wasome.

Njiani, Hurlingham, Anti alitungoja nje ya duka anakofanya kazi, viatu alivyomwazimia Muthoni mkononi.

"Sasa, Daktari!"

"Anti, usiniite hivyo bado."

"Akianguka tutamwita fundi wa misumari," Kamau akasema. Hata yeye hakucheka.

Chuoni mjini, tuliruhusiwa kukaa nyuma ya chumba cha mahojiano. Maprofesa walihoji kwa Kiingereza, nilifuata nilivyoweza. Profesa mmoja, mpole hadi akanitia hofu, alichora ubaoni mashamba mawili. La kwanza lilikuwa na maji karibu, la pili mbali.

"Mita inasoma sawa kwa yote mawili. Wewe umeandika jibu lako ndilo pekee. Umejuaje?"

Muthoni akayatazama mashamba yale ubaoni. Anti alinifinya goti. Nilitaka kusimama niseme mita niliisoma vizuri, kana kwamba hilo ndilo lililoulizwa.

"Sijui," Muthoni akasema. "Nilidhani tu. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba maji yako kati ya kina hiki na hiki. Hilo la 'pekee' sijalithibitisha."

Tulitolewa nje. Tulingoja kwenye ngazi. Mlango ulipofunguliwa, profesa alimpa Muthoni mkono: amefaulu, ila shahada na kazi vitangoja mpaka athibitishe ni katika hali gani jibu huwa moja tu.

Jioni, tukishuka Mutuini, Kamau aliuliza, "Kwani amepita ama hajapita?"

"Amepita," nikasema, "lakini anadaiwa."

Nilikuwa nikidhani msomi ni mtu asiyekosa jibu. Siku ile nilimwona dada yangu akiokolewa na neno "sijui". Nilipowasha jiko alikuwa ameshakaa mezani na karatasi. Ninapoandika haya, uthibitisho ule bado anadaiwa.